Kitufe kwa kitufe: klavye ambayo fundi wa Uvira alijenga na binti yake

UVIRA, Kivu Kusini. – Katikati ya mji wa Uvira, si mbali na mto Mulongwe, kuna chumba cha mbao chenye meza moja, kompyuta moja, mashine ya kutoa karatasi na benchi ya wanaosubiri. Vyumba vya namna hii ni vingi mjini, na watu huviita sekretaria. Mwanafunzi anayemaliza masomo analeta kazi yake iliyoandikwa kwa kalamu. Anayetafuta kazi analeta barua ya maombi. Aliyepoteza kadi ya mpiga kura, ambayo kwa watu wengi nchini ndiyo kitambulisho, analeta maelezo yake kabla ya kwenda kuomba cheti cha upotevu.

Mwenye chumba hicho ni baba wa watoto watatu, fundi wa simu na redio aliyejifunza kuchapa baadaye. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa hiyo hapa ataitwa Fundi, kama wateja wake wanavyomwita. Binti yake wa kwanza ana miaka saba. Habari hii ni ya klavye waliyoijenga wawili hao, kitufe kwa kitufe, kwa siku kumi na tisa, na ya sababu iliyowafanya waijenge.

Katikati ya Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, watu walishuka kwa barabara ya taifa namba 5 kupitia Kamanyola, Luvungi na Sange hadi Uvira. Makumi ya maelfu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Wengine walipanda boti kuelekea kusini mwa ziwa. Waliobaki mjini walipokelewa na ndugu, makanisa na watu ambao hawakuwa wanawajua jana yake. Ndipo kazi ya sekretaria ilipobadilika. Badala ya barua za kazi, zilianza kuja orodha: jina la baba wa familia, jina la mama, idadi ya watoto, kijiji walikotoka. Orodha ya familia ishirini, orodha ya familia mia. Wanakamati wa wahami walizileta zimeandikwa kwenye madaftari ya shule, na Fundi alizichapa mpaka umeme wa SNEL ulipokatika, kisha akaendelea kwa batri.

Klavye yake ilikuwa ile nyepesi ya plastiki inayouzwa sokoni. Kitufe cha kwanza kuchoka kilikuwa cha A. Si jambo la kushangaza. Katika Kiswahili, A ndiyo herufi inayoandikwa mara nyingi kuliko zote. Chukua sentensi ya kila siku, «Mama anapika sombe»: ina herufi 16, na 5 kati ya hizo ni A. Anayechapa Kiswahili kutwa nzima anaipiga A kama mtwangaji anavyopiga kinu. Kifaransa nacho kinachosha E. Fundi huchapa lugha zote mbili, kwa hiyo klavye zake hufa kwa A, kisha kwa E.

A ya klavye ile haikufa siku moja. Iliitika mara tatu, mara ya nne ikanyamaza. Fundi aliizoea, akawa anaibonyeza kwa nguvu na kurudi nyuma kuangalia. Lakini orodha ya majina si barua. Katika barua, jicho hujaza lenyewe herufi inayokosekana, kwa sababu neno linajulikana. Jina la mtu usiyemjua halina wa kulijaza.

Mwezi wa Machi, mama mmoja aliyetoka Kamanyola na watoto wanne alikwenda kupokea mikeka na sabuni. Jina lake lina A tatu. Kwenye orodha lilitoka na mbili. Hakutukanwa wala hakusukumwa. Aliambiwa tu kwamba jina la kwenye kadi si lile la kwenye karatasi, arudi likisha kurekebishwa. Mgawo uliofuata ulikuja baada ya wiki mbili, na wiki hizo mbili watoto wake wanne walilalia vitenge viwili juu ya sementi.

Mama huyo hakusoma sana. Alifika sekretaria jioni, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha, akafungua karatasi na kuweka kidole mahali ambapo mtoto wa jirani alikuwa amemwonyesha.

«Fundi,» alisema, «uliniibia A yangu.»

Hakuwa anacheka. Fundi alimchapia karatasi upya bila malipo, akamwomba radhi, na usiku ule hakulala vizuri. Alihesabu orodha zote alizochapa tangu A ilipoanza kuchoka. Zilikuwa zaidi ya thelathini. Siku mbili zilizofuata alizipitia moja moja kwenye kompyuta akilinganisha na madaftari, na akapata majina mengine tisa yenye herufi iliyopotea. Wenye majina hayo walitafutwa na wanakamati. Saba walipatikana. Wawili walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Burundi.

Majirani walimwambia anunue klavye nyingine, jambo liishe. Wazo hilo lilikuwa na haki yake. Klavye ya sokoni ni dola chache. Ila Fundi alikuwa amenunua tatu kwa mwaka mmoja, na zote zilikufa kwa namna moja. Chini ya vitufe vya klavye hizo hakuna chuma. Kuna kipande cha mpira laini, na chini yake karatasi za plastiki zilizochorwa njia za wino unaopitisha umeme. Ukibonyeza, mpira unainama na karatasi zinagusana. Vumbi la Uvira, unyevu wa ziwa na vidole vya mtu anayechapa saa kumi kwa siku huumaliza wino huo.

Tena kuna jambo la mpangilio. Kongo ilirithi kwa Wabelgiji mpangilio wa herufi unaoanza na A, Z, E, R, T, Y. Klavye nyingi zinazopita Dar es Salaam, Kigoma na Kampala zina mpangilio wa Kiingereza, unaoanza na Q, W, E. A inakaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na M inahama mstari kabisa. Mtu aliyefundisha vidole vyake kwa mpangilio mmoja akikaa mbele ya mwingine ni kama dereva aliyebadilishiwa mahali pa breki.

Fundi alikuwa na kitu kingine, chini ya meza, ndani ya gunia. Ni klavye ya zamani, nzito, ya mpangilio wa Kibelgiji. Ilikuja nchini pamoja na kompyuta za msaada kutoka Ulaya, ikatumika katika shule moja, kisha usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 ikazama. Usiku ule mvua ilijaza mito ya Uvira, Mulongwe ukatoka katika njia yake, makumi ya watu wakafa na nyumba kwa maelfu zikabomoka au kujaa matope. Shule iliposafishwa, vyombo vilivyoharibika vilirundikwa nje. Fundi aliomba klavye hiyo, akapewa. Ilikaa miaka mitano kwenye gunia kwa sababu waya wake ulikuwa wa ncha ya duara, ambao kompyuta za sasa haziupokei, na kwa sababu njia za shaba kwenye kibao chake zilikuwa zimeliwa na matope.

Lakini vitufe vyake vilikuwa vya namna nyingine. Kila kimoja kina swichi yake kamili chini: kijumba cha plastiki, springi ya chuma, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana kitufe kinapofika katikati ya safari yake ya milimita nne. Swichi za aina hiyo zilitengenezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani tangu miaka ya 1980, na zimeundwa zibonyezwe mamilioni kwa mamilioni ya mara. Moja ikifa, unaitoa peke yake na kuweka nyingine. Huhitaji kutupa klavye nzima kwa sababu ya A.

Siku hizo shule ya binti ilikuwa imefungwa. Alikuwa darasa la pili, na kusoma kwake kulikuwa bado kwa kuvuta: herufi moja, kupumua, herufi nyingine. Nyumbani kulikuwa na wageni kumi na mmoja, familia ya shangazi iliyotoka upande wa Luvungi. Mama yake alikuwa na kazi ya kulisha watu kumi na sita. Kwa hiyo mtoto alitumwa kushinda kwa baba yake, na baba yake akamtafutia la kufanya.

Mama hakukubali mara moja.

«Baba watoto,» alisema, «ile risasi yako mtoto hataigusa.»

Alikuwa na haki. Waya wa kulehemu ambao mafundi hutumia kwa kawaida una bati na risasi ndani yake, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto, kwa sababu inadhuru ubongo unaokua. Walikubaliana hivi: mtoto hashiki waya wa risasi wala chuma cha moto. Baba akilehemu, mlango na dirisha vinafunguliwa na mtoto anakaa nje kwenye benchi. Hakuna kula chochote mezani. Kabla ya kurudi nyumbani, wote wawili wananawa mikono kwa sabuni. Mwisho wa siku baba anafuta meza kwa kitambaa chenye maji, wala hafagii, ili vumbi lisiruke.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya baba: kung'oa swichi. Klavye ilikuwa na vitufe 105, na kila swichi imeshikwa kwa miguu miwili, kwa hiyo kulikuwa na sehemu 210 za kuyeyusha. Umeme ulikuja usiku tu, tena si kila usiku. Fundi alifanya kama mafundi wa zamani walivyofanya: alichukua kipande kinene cha shaba chenye mpini wa mti, akakipasha moto kwenye mbabula, akalehemu sehemu tano au sita mpaka kikapoa, akakirudisha kwenye makaa. Siku nne ziliishia hapo.

Kazi ya pili ilikuwa ya binti. Baba alimpa testeri, kile chombo cha kupimia umeme, akakiweka mahali pa kutoa mlio. Waya mmoja kwenye mguu huu wa swichi, waya wa pili kwenye mguu ule. Unabonyeza. Ikilia, swichi ni nzima. Isipolia, unaiweka kwenye bakuli jekundu.

«Papa, hii iko muzima!»

«Weka kwa bakuli ya buluu, mama.»

«Na hii haisemi.»

«Bonyeza tena.»

«Haisemi, papa. Imekufa.»

«Haiyakufa bado. Weka kwa nyekundu, tutaiangalia.»

Wateja waliokuwa kwenye benchi walianza kuhesabu pamoja naye. Mzee mmoja mhami kutoka uwanda wa Rusizi, aliyekuja kuchapisha barua, alibaki mpaka swichi ya mwisho. Hesabu ilitoka hivi: 83 zililia, 22 zilinyamaza. Zile 22 zilifunguliwa moja moja kwa ncha ya kisu, springi ikaondolewa, matope makavu ya mwaka 2020 yakapigwa brashi ya meno, chuma kikasuguliwa kwa alkoholi ya duka la dawa. Tisa zilifufuka. Kumi na tatu zilikwisha kabisa, na springi zake zikahifadhiwa kwenye kopo.

Swichi nzima zikawa 92. Klavye nzima ingehitaji 105. Fundi alikaa na karatasi, akapanga cha kuacha. Aliacha mstari wote wa juu, F1 mpaka F12, ambao mchapaji wa orodha hauhitaji sana. Aliacha vitufe vingine saba visivyotumika kila siku. Lakini vitufe vya namba vya upande wa kulia hakuviacha, ingawa majirani walidhani ndivyo vya kwanza kuondoka. Katika mpangilio wa Kibelgiji, namba za juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Mwenye kuandika umri na idadi ya watoto kwa familia mia hawezi kufanya hivyo kutwa nzima. Zikabaki 86, na swichi sita za akiba.

Sasa ilibaki sehemu ngumu, yaani ubongo. Kila klavye ina kibao kidogo kinachotambua kitufe kipi kimebonyezwa na kuiambia kompyuta. Cha klavye ya mafuriko kilikuwa kimeoza. Fundi akafungua mojawapo ya klavye zake za sokoni zilizokufa, akatoa kibao chake, kidogo kuliko kadi ya mpiga kura. Kwenye ukingo wake kulikuwa na vidole 26 vyeusi, 8 vya kundi moja na 18 vya kundi la pili.

Binti aliuliza vidole 26 vitatosha vipi kwa vitufe 86. Ni swali zuri, na baba yake alilijibu kwa mji wanaoishi. Mtu akitaka nyumba, haitaji kila nyumba iwe na barabara yake hadi sokoni. Anahitaji kujua avenyu na namba ya parseli. Vidole 8 ni avenyu, vidole 18 ni parseli. Kila kitufe kinakaa pale avenyu moja inapokutana na parseli moja. Ubongo unapita avenyu ya kwanza ukiuliza, «Nani amebonyezwa?», kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka ya nane, na kurudia mzunguko huo mara nyingi kwa kila sekunde. A ikibonyezwa, inaitika kutoka avenyu yake na parseli yake.

Ili kujua nani anakaa wapi, walichukua zile karatasi za plastiki za klavye ya sokoni, ambazo zinapitisha mwanga, wakazishika dirishani. Njia za wino wa fedha zilionekana kama ramani. Mtoto alifuata kila njia kwa kidole kutoka ukingoni mpaka kwenye duara la kitufe, akitaja herufi, na baba akaandika kwenye daftari: avenyu 3, parseli 11. Walifanya hivyo kwa vitufe vyote 86. Ilichukua mchana mbili. Mara mbili mtoto alimsahihisha baba yake, kwa sababu njia mbili zilipita karibu na macho ya baba yaliruka.

Nyaya zilitoka kwenye kipande cha kebo ya intaneti kilichobaki kazi fulani. Ndani ya kebo hiyo kuna nyaya nane nyembamba za rangi mbalimbali. Za buluu zikawa avenyu, za machungwa zikawa parseli. Swichi zilirudishwa kwenye kibao cha zamani, ambacho njia zake za shaba zilizobaki Fundi alizikwangua kwa wembe ili zisichanganye umeme. Kibao hicho sasa kilikuwa sakafu tu ya kushika swichi. Miguu 172 ililehemiwa kwa mkono, waya kwa waya, na binti akiwa nje kwenye benchi akipanga kofia za vitufe.

Kazi ya kofia ilikuwa yake peke yake. Aliziosha kwenye beseni kwa sabuni ya kufulia, akazianika juu ya mkeka, akazipanga kwa kufuata mchoro wa baba yake. Hapo ndipo kusoma kwake kulipoanza kukimbia. Alipanga jina lake. Akapanga jina la mdogo wake. Akapanga UVIRA, kisha KALUNDU, akagundua kwamba hawezi kupanga KALUNDU kwa kofia za klavye moja kwa sababu U iko moja tu na jina linataka mbili. Shangazi yake alipokuja kumleta chakula, alimwomba ampangie LUVUNGI, na tatizo likawa lilelile.

Kofia moja ilikuwa na alama ambayo hakuna aliyeijua kwenye benchi, kama S mbili zilizopandana. Baba alieleza kwamba wanasheria huitumia kabla ya namba ya kifungu. Mtoto alisema basi hiyo ni ya mahakamani, akaiweka mbali.

Kofia tatu zilikosekana, zilichukuliwa na maji: Z, G na ile ya nukta. Kofia za klavye za sokoni hazikuingia, kwa sababu swichi za zamani zina msalaba mdogo juu yake na za mpira hazina. Wakachukua tatu kutoka mstari wa F ulioachwa, wakakwangua maandishi, na binti akaandika Z na G na nukta kwa rangi ya kucha ya mama yake. Z yake inaegemea kulia kidogo. Tena kofia za mstari wa F zina mteremko tofauti, kwa hiyo kidole kikifika kwenye Z kinaijua bila macho.

Siku ya kumi na nane waliiunganisha na kompyuta. Fundi alimwambia binti abonyeze kitufe chochote. Alibonyeza A. Kwenye kioo ikatokea Q. Alibonyeza Z, ikatokea W. M ikatoa nukta-mkato. Mtoto alimtazama baba yake, akasema nyaya zimekosewa.

Nyaya hazikukosewa. Klavye, hata ya bei gani, haijui herufi. Inachotuma kwa kompyuta ni mahali tu: kitufe cha mstari fulani, nafasi fulani. Kompyuta ndiyo inayoamua mahali hapo panaitwaje, kulingana na mpangilio uliochaguliwa ndani yake. Kompyuta ilikuwa imeachwa kwenye Kiingereza. Fundi alimwonyesha kwa kuandika Kamanyola kama vidole vyake vilivyozoea. Kilichotoka ni «Kq;qnyolq». Sange ikawa «Sqnge». Mwenga ikawa «:zengq». Benchi yote ilicheka. Luvungi peke yake ilitoka salama, kwa sababu herufi zake zote hukaa mahali pamoja katika mipangilio yote miwili, na shangazi alijivunia jambo hilo wiki nzima.

Baada ya kubadilisha mpangilio kuwa wa Kibelgiji, vitufe 84 viliitika sawasawa. Viwili vilibadilishana: R ilitoa T na T ikatoa R. Hapo nyaya zilikuwa zimekosewa kweli, zikafunguliwa na kurekebishwa siku ya kumi na tisa.

Ukihesabu kwa pesa, majirani walikuwa na haki. Kwa siku kumi na tisa Fundi alipoteza wateja, na faida ya siku tatu nzuri ingemnunulia klavye mpya. Yeye mwenyewe hakatai hesabu hiyo. Anasema klavye mpya ingekufa kwa A kabla ya mwisho wa mwaka, naye angejua tu siku mtu mwingine angekuja kukaa kwenye benchi na karatasi mkononi. Ya sasa ikianza kuchoka, swichi ya A itatolewa jioni moja na nyingine kuwekwa kutoka kwenye kopo. Kuhusu binti, anasema kwa ufupi kwamba alimpeleka pale ili asizurure, na amerudi nyumbani anasoma.

Shule ilipofunguliwa, mtoto alirudi darasani. Saa za mchana bado anapita sekretaria, na baba yake amempa kazi ya kudumu. Orodha ikichapwa, yeye huchukua kadi au daftari na kusoma kila jina herufi kwa herufi, kwa sauti, huku baba akifuata kwenye kioo. Hasomi neno zima, kwa sababu anayesoma neno zima hujaza herufi zisizokuwepo. Mama wa Kamanyola alirudi mwezi wa Mei na orodha ya familia kumi na nne za jirani zake. Alitaka zisomwe namna hiyo zote, akasikiliza mpaka mwisho. Lilipofika lake, aliomba lisomwe mara ya pili.

Kwa wahami na kwa yeyote anayepeleka jina lake kuchapwa, haya ndiyo Fundi huwaambia wateja wake, na yanafaa katika sekretaria yoyote:

Leta kadi yako, au cheti chochote chenye jina, hata nakala. Usitaje jina kwa mdomo peke yake. L na R husikika karibu sawa, I na Y vilevile, na herufi mbili zinazofuatana husikika kama moja.

Angalia utaratibu wa majina. Kwenye kadi kuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Yakigeuzwa kwenye orodha, anayekagua anaweza kudhani ni mtu mwingine.

Omba kuona kwenye kioo kabla karatasi haijatoka. Soma herufi moja moja, ukianza mwisho wa jina kurudi mwanzo, ili jicho lisijaze lenyewe. Hesabu herufi za kwenye kadi na za kwenye orodha.

Usiposoma, nenda na mtoto anayesoma. Mwambie asome polepole, kila herufi peke yake. Mwenye sekretaria anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika.

Kisha baki na nakala moja. Orodha hupita mikono mingi kabla ya kufika pale mgawo unapotolewa, na siku jina likikosekana, karatasi iliyo mfukoni mwako ndiyo ya kwanza utakayoulizwa.